Mkalimani wa Matusi Ugenini

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa. Tangu leo saa nane mchana mimi ni Mkalimani wa Matusi wa tawi letu la mashabiki. Asubuhi cheo hiki hakikuwepo. Nimekibuni mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa naokota pini.

Ilikuwa hivi. Shangazi ni fundi cherehani kwa riziki na mwenyekiti wa tawi kwa roho. Wiki hii duka lake limejaa kitambaa cha zambarau, rangi yetu, mpaka ndani ya birika. Jumamosi klabu yetu inarudiana na timu ya Machungwa, kwao, ng'ambo ya mpaka, kombe la klabu za bara. Hapa tuliwafunga mbili kwa moja. Pia tuliwapigia ngoma nje ya hoteli, tukalifungia njia basi lao, tukampigia miluzi kipa wao mpaka akaziba masikio kwa glavu. Shangazi aliratibu yote akiwa juu ya stuli ya kushonea. Sasa anasema tulichowapikia ndicho watakachotupakulia, kwa hiyo twende tumejiandaa. Mwaka juzi, anasema, tuliwatukana wenyeji kwa Kiswahili dakika tisini nzima, nao wakatupigia makofi wakidhani tunawaombea dua.

Binamu yangu, mwanawe Shangazi, ambaye wote wanamwita Tarumbeta kwa sababu ya kile anachopuliza, akasema aachiwe yeye, lugha ya kule anaijua. Aliwahi kubeba mizigo mpakani mwezi mmoja. Anajua kusema "shusha" na "usiguse".

Nikasema mimi nimesoma kule miaka mitano.

Shangazi akainama chini ya meza kunitazama, kama mtu aliyekuta sahani ya ziada kabatini. Akaniuliza kwa nini sijawahi kusema. Nikamwambia hajawahi kuniuliza. Akasema basi kiti cha mbele, karibu na dereva, ni changu. Tarumbeta amenuna. Kiti kile alikuwa amekwisha kukiwekea taulo.

Sasa nakiri, maana hapa hasomi mtu. Sina haja ya kumtukana yeyote. Nataka kumwona Njugu.

Mama alikuwa muuguzi katika zahanati ya reli kule. Tulikaa ghorofa ya tatu, na Njugu alikuwa mlango wa pili. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha, kupiga mluzi kwa vidole viwili na kupenda mpira. Tulipangiwa kurudi nyumbani nikiwa na miaka kumi. Njugu akalia siku mbili hali chakula. Basi nikabuni uongo: nikamwambia safari imeahirishwa. Akafuta machozi palepale. Tukacheza wiki nzima, wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Ijumaa lori likaja yeye akiwa shuleni.

Miaka sita sasa. Nataka kumwomba radhi. Maneno ni mawili tu, na nayajua kwa lugha zote mbili.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo limejitokeza. Sijui tusi hata moja.

Nimepekua kichwa changu chote. Shule ya kule ilinifundisha kusema "naomba ruhusa ya kwenda msalani", "mto huu unaanzia milimani" na "mwalimu, amenifinya". Nimejaribu kumsomea Shangazi ile ya mto kwa ukali. Akauliza maana yake. Nikamwambia inahusu asili yao. Akasema haina meno.

Jioni likanijia. Kila siku jua likipungua, Mama Njugu alitoka kibarazani, akashika nguo iliyoanikwa kama bendera, akapaza sauti: "Yele lushu! Yele lushu!" Jengo zima likatikisika. Watoto wote tuliokuwa uani tulitimka, hata wakubwa, hata yule aliyekuwa na ndevu tatu. Mimi nilikimbilia kwetu na kufunga mlango, kwa hiyo sikuwahi kuona kilichofuata. Maneno yale hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa ya lugha ya mama yake, ya watu wa milimani, na nusu ya mji ule ni watu wa milimani. Nilipomuuliza Njugu maana yake alisema nisiyataje, yanamuumiza tumbo. Baadaye Mama Njugu aliongeza viungo vya mwili, kimoja kimoja, akivihesabu kwa vidole: masikio, shingo, kisigino.

Nimemwambia Shangazi ni tishio zito. Kwamba mtu atashughulikiwa kiungo kwa kiungo. Shangazi aliweka mkasi chini. Akasema hiyo sasa ndiyo lugha.

Mazoezi yamefanyika dukani saa kumi, watu ishirini kati ya mashine tatu. Nimesimamishwa juu ya stuli nifundishe. Sauti imetoka kama ya mbu aliye ndani ya chupa. Tarumbeta akarudia kwa sauti kubwa, vibaya, wakamwelewa yeye. Shangazi amesema mimi ni ubongo, mwanawe ni spika. Tarumbeta amefurahi. Hajui kwamba spika haina ubongo.

Alhamisi, 6 Machi

Mabasi mawili, watu tisini na sita, tangu alfajiri. Nipo kiti cha mbele. Tarumbeta yuko nyuma yangu na goti lake liko mgongoni mwangu tangu mpakani.

Baada ya mpaka harufu imebadilika. Vumbi lilelile, lakini lina moshi wa makaa ya reli ndani yake, na koo langu limelijua kabla yangu. Nimeanza kusoma vibao vya barabarani kimoyomoyo. Kinyozi. Kokoto zinauzwa. Usikojoe hapa. Sikutegemea kwamba "usikojoe hapa" ingenitoa machozi. Shangazi ameniuliza nina nini. Nikamwambia dirisha linaingiza upepo.

Mjini tumepokelewa. Barabara ya nyumba ya wageni ilikuwa imefungwa kwa mapipa ya rangi ya chungwa. Tukazungushwa mtaa uleule mara nne. Kila mzunguko watu waliongezeka, wakitupungia mkono wa kwaheri, wakipiga bati la basi kwa viganja. Mtoto wa kama miaka saba, uso wote umepakwa chungwa, alinitazama machoni akapitisha kidole shingoni. Mzee mmoja wa basi la pili amepasuliwa kioo cha dirisha lake na jiwe. Hakuumia, ila amehamia kiti cha katikati.

Kisha wakaanza wimbo wao mkubwa. Huo nilikuwa nauimba nikiwa begani kwa baba yake Njugu. Nakiri: midomo yangu ilicheza. Yenyewe tu, kama goti la mzee kwenye muziki. Tarumbeta akaona. Akamwambia mama yake kwamba mtoto huyu anaimba na adui. Shangazi akamwambia aache fitina, mtoto anatafuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba ya wageni haina maji. Mwenyewe amesema bomba limeharibika jana, na kwa bahati mbaya litapona Jumapili. Saa saba mchana, tulipojilaza kidogo, ngoma zikaanza chini ya madirisha. Shangazi amelala chali macho wazi, akasikiliza kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwenzake. Amesema mpigaji wao wa pili anachelewa.

Mimi nina mpango. Nimemwambia nitoke kumtafutia dawa ya kichwa, kwa kuwa lugha naijua. Kutoka hapa hadi majengo ya reli, tulikokuwa tukikaa, ni dakika kumi. Nimemwona Njugu, nimesema maneno mawili, nimerudi. Mpango hauna tundu.

Shangazi akasema vizuri, na Tarumbeta atanisindikiza, mji huu si wa kumwachia mtoto wa kike peke yake siku ya leo.

Nikamgeuzia jezi yake ndani nje, nikamkataza asifungue mdomo. Tarumbeta aliomba walau abebe tarumbeta ndani ya mfuko. Nikakubali. Kosa.

Mtaa umekuwa mdogo. Ule ukuta tuliokuwa tukihitaji mtu wa kutusukuma kuupanda sasa unanifika kifuani. Duka la daftari limekuwa la simu. Lakini ngazi ni zilezile, na kipande kilichomeguka ngazi ya tano bado kimemeguka. Nikamwacha Tarumbeta chini. Nikapanda. Ghorofa ya kwanza nikayarudia maneno yangu mawili. Ghorofa ya pili nikasikia sauti ya Mama Njugu akimgombeza mtu kuhusu viatu sebuleni. Sauti ileile, nzito kidogo. Nikashika ukuta. Ngazi kumi na mbili zilibaki. Nikaamua nizihesabu kwanza. Kisha nikaamua kumwandikia barua badala yake. Kisha nikaamua kushuka nikatafute karatasi.

Hapo ndipo Tarumbeta, kwa woga wa kukaa peke yake, alipopuliza. Anasema hakukusudia, alikuwa anaangalia kama inafanya kazi. Alipuliza wimbo wetu. Mistari miwili yote.

Watoto wa ua mzima wakatoka. Maganda ya machungwa hayaumi, ila yanatafuta jicho. Tulikimbia hadi kituo cha polisi, tukakaa benchi la mbele kama watu waliokuja kuripoti mbuzi. Tarumbeta akaniuliza dawa ya kichwa iko wapi. Nikamwambia safari ya dawa imeahirishwa. Neno lenyewe likanichoma ulimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka. Niyaweke yote kama yalivyokuwa.

Tulifungiwa kona moja, polisi mbele yetu, waya kulia na kushoto, na bahari ya chungwa pande zote. Hata mechi haijaanza tulikuwa tumelowa. Vifuko vya maji vilitoka juu, kushoto, na kimoja, naapa, kilitoka chini. Kipa wetu alimulikwa taa ya kijani usoni kila alipotaka kudaka. Dakika ya ishirini wakatufunga la kwanza. Chupa ikampata Shangazi juu ya jicho, akafungwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Aliketi kidogo. Kisha akasimama, akanigeukia, akasema: haya, Ubongo.

Nikampa Tarumbeta ishara. Watu tisini na sita wakajaza vifua.

"Yele lushu, masikio! Yele lushu, shingo! Yele lushu, kisigino!"

Uwanja ukakaa kimya. Kweli kabisa. Kimya kilianzia jirani yetu, kikasambaa kama mafuta juu ya maji. Mtu aliyekuwa ameinua kifuko alikishusha. Shangazi akaninong'oneza kwamba wameshikwa.

Ndipo jukwaa zima la kushoto likajibu, kwa sauti nyembamba ya kulalamika, maelfu ya wanaume wenye ndevu: "Maji ni baridi, mama!"

Wakaanguka kwa kucheka. Walishikana mabega. Wakarudia. Tukajibu kwa nguvu zaidi, maana Shangazi alidhani wanalia. Askari wa kike aliyesimama mbele yangu alikuwa ameegemea ngao yake, machozi yanamtoka. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia: dada, mmekuja mbali hivi kutuita tukaoge?

Kuoga. Miaka kumi na moja nimelibeba neno lile kama bomu. Kumbe wenzangu walipokimbia walikuwa wanakimbia sabuni, nami nikifunga mlango wetu na kutetemeka nyuma yake. Mimi Mama aliniogesha kwa Kiswahili.

Shangazi akataka kujua askari anasemaje. Nikamwambia anatuomba tupunguze, tunatisha watu. Shangazi akasema tusipunguze hata chembe.

Hapo ikaruka sabuni ya kwanza. Nzima, ndani ya karatasi yake. Ikampiga Tarumbeta kwenye kidevu. Hasira zilikuwa bado zipo, ila zilikuwa zimepotea njia, na vifuko vya maji sasa vilirushwa na watu wanaoita masikio, masikio.

Kisha nikaitwa. Jina langu la utotoni, lile ambalo hata mama amelisahau. Msichana mrefu alikuwa ameshuka hadi kwenye waya wa kushoto, chungwa shavuni, mkono umeshika tundu la waya. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama, uzito wote mguu mmoja, kama anayesubiri pasi.

Njugu hakucheka. Alisema kila mama wa milimani ana orodha yake. Masikio wanayo wote, shingo wengi. Kisigino ni cha mama yake peke yake. Alipokisikia alijua ni mimi. Kisha akasema: "Kwa hiyo ile safari haikuahirishwa."

Nikafungua mdomo. Maneno yangu mawili yalikuwa pale, yamepanga foleni. Akaniambia alirudi kutoka shuleni siku ile na embe mkononi, nusu yake, nusu yangu. Aligonga mlango wetu hadi jirani akatoka kumwambia nyumba ni tupu. Aliyasema bila ukali, akitazama mpira. Halafu akaniuliza, kama vile si kitu, tuko hapa mpaka lini.

Basi letu lilikuwa linaondoka filimbi ya mwisho ikipigwa, chini ya ulinzi. Ilikuwa dakika ya sabini na mbili.

Nikasema: wiki nzima.

Akacheka. Pengo lake la mbele bado lipo. Akasema basi kesho mchana nile kwao, mama yake atafurahi mpaka augue. Akaazima kalamu ya askari, akaniandikia namba yake mkononi kupitia tundu la waya, kila tarakimu taratibu. Wakafunga la pili wakati ule. Sikuliona. Yeye pia hakuliona, na ni timu yake.

Tumetolewa, tatu kwa mbili kwa jumla. Nimeketi na mkono mbali na nguo zangu zilizolowa, namba isifutike.

Jumapili, 9 Machi

Kabla ya mpaka Shangazi amejua. Dereva wa basi la pili ameoa milimani. Wakati wa chai, mbele ya watu wote, alimuuliza Shangazi kwa heshima ni nani aliyekuwa na wazo la kuwaogesha wenyeji.

Shangazi alitazama dirishani kwa kilomita arobaini. Nilizihesabu kwenye mawe ya barabara. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anashika plasta juu ya jicho ili isibanduke, anasema "mpaka kisigino", anacheka tena. Alipopoa akanivua cheo. Tarumbeta sasa ndiye mkalimani. Ameanza kazi kwa kumwambia mhudumu wa mgahawa "usiguse".

Baadaye Shangazi akaniita kando yake. Aliniona kwenye waya. Akaniuliza yule msichana ni nani. Nikamweleza, kipande kipande, nikitazama viatu. Akasema: mwanangu, ungesema tu una rafiki kule, Ijumaa ileile ningekushika mkono nikakupeleka hadi mlangoni. Neno moja tu lilitosha.

Nimeliandika ili nisilisahau. Kusema tu. Ni rahisi mno, sijui kwa nini sijawahi kulifikiria.

Usiku nilikuwa nimemtumia Njugu namba yangu; saa saba na dakika kumi ujumbe ukaingia. Njugu: "Meza tayari. Mama kakutengea kiti cha dirishani. Uko wapi?"

Nilianza kuandika ukweli. Nikafika "Njugu, samahani". Nikaona kile kiti cha dirishani, na Mama Njugu amekaa mkabala nacho. Nikafuta. Nikamwandikia kwamba wametufungia hotelini kwa sababu za usalama. Ni kwa leo tu. Chakula kisipoe, wale.

Jumanne, 11 Machi

Nipo chini ya meza ya kukatia, mabaki ya zambarau kichwani, simu mkononi. Mambo yanakwenda vizuri. Jana nilimwandikia Njugu kwamba polisi bado hawaturuhusu kutoka. Akanituliza. Leo nimetafuta hali ya hewa ya kule, nikaona kunanyesha, nikamwandikia: mvua hii jamani. Akajibu kwamba na kwao maji yameingia hadi ngazi ya tano. Tumeongea hivyo asubuhi nzima, kuhusu mvua moja, kila mtu dirishani pake. Sijafurahi namna hii tangu ile wiki.

Mama anasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina kilomita mia sita na kituo cha forodha.

Saa tisa ameniandikia kwamba imetosha, polisi wasitutenganishe. Kesho akitoka shule anakuja hotelini na mama yake na sufuria. Nije mapokezi saa tisa.

Nilijua la kufanya. Neno moja tu. Nikavuta pumzi, nikaandika neno moja tu.

"Njooni."

Sasa ni saa kumi na moja. Basi la kuvuka mpaka linaondoka saa moja jioni na huchukua saa kumi na nne. Nitafika, na nafasi ya kunawa uso itakuwepo. Kilichobaki ni kumwambia Mama ukweli, na kwa hilo nimekwisha kuandaa barua kutoka kwa mwalimu.